Nikibana breki huku nimekanyaga mafuta, gari inakata nguvu. Ni ubovu au imeundwa hivyo?

Mwalimu_Mkoani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba wenye ujuzi wa gari mnisaidie kabla sijatoa pesa.

Mimi ni mwalimu wa skuli, nakaa Mkoani, Pemba. Anayeijua Mkoani anajua: ukitoka bandarini ni kupanda, na ukishafika juu, huko mashamba ni kushuka na kupanda tena. Gari yangu ya mwanzo ilikuwa otomatiki ya zamani, lita 1.5, zile ambazo ukifungua boneti waya wa mafuta unauona kwa macho, ukiuvuta kwa kidole injini inanguruma. Sasa ninayo ya mwaka 2013, nayo otomatiki ya lita 1.5, imetoka Japani.

Naendesha kwa miguu miwili, wa kulia mafuta, wa kushoto breki. Ndivyo alivyonifunza ami yangu, na kwa njia yetu ilikuwa na maana yake. Barabara ya udongo inayoingia kwetu imekatwa na mvua za masika, mifereji inapita kati. Unapopanda unataka injini ibaki na nguvu, lakini tairi ziingie mferejini taratibu. Basi mguu wa kulia haubanduki kwenye mafuta, wa kushoto unabana breki, ukishavuka unaachia breki na gari inaondoka. Ile ya zamani ilikubali miaka yote.

Hii haikubali. Nakuja na mwendo wa kilomita 15 au 20 hivi, nabana breki, haupiti muda resi zinaanguka na injini inanyamaza kama vile nimetoa mguu kwenye mafuta, na mguu sijautoa. Nikiachia breki inasita kidogo halafu nguvu inarudi. Katikati ya kilima, watoto wako kiti cha nyuma, pikipiki iko nyuma yangu, jambo hilo linatisha.

Mambo mawili yamenishangaza. La kwanza, kilima cha bandarini naupanda wote mafuta yamekanyagwa na gari haina tatizo lolote. La pili, nikiwa nimesimama mlimani, nikashika breki kwanza halafu nikatia mafuta, haikati. Inaondoka vizuri kabisa.

Fundi mmoja kanambia pampu ya mafuta imechoka. Mwengine kanambia throto, na bei aliyoitaja ni mshahara wangu. Taa ya injini haiwaki. Mimi nilivyojua, breki ni pedi na mabomba yake, injini ni kitu chengine. Breki inaingiaje kwenye nguvu ya injini?

BabaWanne_Wete

Pampu hiyo. Gari yangu ilikuwa haivuti mlimani, nikabadilisha pampu na filta, mpaka leo iko salama. Usisubiri ikuzimikie njiani.

FundiUmeme_Chake

Waalaykum salaam mwalimu. Usinunue pampu, na throto pia iache. Pesa yako iweke.

Baba Wanne, nakuheshimu, lakini gari yako ilikuwa haivuti mlimani, na ya mwalimu mlima inaupanda. Pampu iliyochoka haijui kama dereva amegusa breki. Ingekuwa pampu, gari ingelegea pale inapodaiwa petroli nyingi kwa muda mrefu, yaani kile kilima cha bandarini, na hapo ndipo mwalimu anasema haina tatizo.

Jawabu liko kwenye jambo lake la pili. Breki ikitangulia, haikati. Mafuta yakitangulia kisha breki ikafuata, inakata. Kitu kibovu hakichagui kipi kimetangulia. Anayechagua ni kompyuta, na kompyuta imeandikiwa ifanye hivyo.

Nieleze kwa utulivu, maana suali hili linaletwa gerejini kwetu kila zinapoingia gari mpya kidogo, na watu wanauziwa vifaa wasivyovihitaji. Linaniuma.

Katika gari yako ya zamani mguu wako ulifungwa kwenye injini kwa waya. Unakanyaga, waya unavuta kile kijilango cha throto, hewa inaingia, kompyuta inaipima hewa hiyo na kutia petroli inayolingana nayo. Breki ilikuwa na njia yake mbali. Ukikanyaga vyote viwili, injini inasukuma na pedi zinazuia, joto lote linakwenda kwenye diski. Ndiyo maana ilikuwa "inakubali". Ilikuwa inakubali kwa gharama ya breki zako.

Katika gari ya 2013 waya huo haupo. Kwenye pedali ya mafuta kuna sensa, tena mbili, kila moja na volti zake, ili moja ikisema uongo nyengine iiumbue. Sensa zinapeleka khabari kwenye kontroli boksi, yaani hiyo kompyuta, na kontroli boksi ndiyo inayoiamuru mota ndogo ya throto ifungue kiasi gani. Mguu wako sasa unaomba tu, haufungui. Na juu ya pedali ya breki kuna swichi, ile ile inayowasha taa nyekundu za nyuma. Khabari ya swichi hiyo nayo inafika kwenye kontroli boksi. Hapo ndipo breki na injini zilipojuana.

Zikifika khabari mbili zinazopingana, dereva anataka kwenda na dereva anataka kusimama, kompyuta inaiamini breki. Inarudisha throto karibu na kufunga, hata kama mguu wako uko mpaka chini kwenye zulia. Toyota walipoutangaza mfumo wao Marekani walitaja na masharti: pedali ya mafuta iwe imetangulia, breki ikanyagwe kwa nguvu kwa zaidi ya nusu sekunde, na gari iwe inakwenda zaidi ya maili 5 kwa saa, sawa na kilomita 8. Breki ikitangulia mfumo haufanyi kazi, na wamefanya hivyo makusudi ili mtu aondoke mlimani bila gari kurudi nyuma. Sasa soma tena ulichoandika, mwalimu. Kampuni ya gari yako hukuitaja, lakini masharti yote matatu umeyaandika mwenyewe bila kuyajua.

Kampuni nyengine zina masharti yao. Za Kijerumani zilikuwa na kitu hicho kabla ya Toyota. Kwa hivyo msichukue gari moja mkaipimia zote.

Kilichoufanya mfumo huu uenee ni msiba. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego huko California, askari mmoja wa barabara kuu, siku hiyo hayuko kazini, alikuwa na familia yake ndani ya Lexus ES 350. Gari haikuwa yake, aliazimwa na duka la magari wakati yake iko matengenezo. Zulia la miguuni lililowekwa lilikuwa la gari ya aina nyengine, kubwa kuliko nafasi yake, likaibana pedali ya mafuta. Gari ilipita kilomita 160 kwa saa na haikusimama. Watu wanne walikufa. Breki za gari ile zilikutwa zimeungua kwa joto: throto ilikuwa wazi muda wote huo na breki zikipigana nayo. Baada ya hapo Toyota iliita mamilioni ya magari yarudi kwa sababu ya mazulia na pedali zinazonata, na mwaka 2010 ikaanza kuweka mfumo wa breki kuushinda mguu wa mafuta kwenye magari yake mapya ya Marekani. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa barabara ya huko ilipendekeza uwe sharti kwa magari mapya.

Wengi walisema kompyuta ndiyo iliyokuwa ikifungua throto yenyewe. Wahandisi wa NASA waliitwa kuchunguza, na ripoti ya Februari 2011 ilisema hawakukuta hitilafu ya umeme ya kufungua throto namna ile. Sababu zilizojulikana zikabaki zile zile: pedali zinazonata, na mazulia.

Hapa naomba mnisikilize, hata kama suali la breki halikuhusu. Tazameni chini ya miguu yenu. Gari inakuja kutoka Japani na zulia lake lenye vishikizo. Sisi tunatia juu yake kapeti ya mpira tuliyonunua Darajani, iliyokatwa kwa saizi ya gari yoyote, na juu ya kapeti tunatia gazeti wakati wa mvua, au kipande cha mkeka. Vishikizo vimeshavunjika zamani. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, ncha ya kapeti inapanda juu ya pedali. Kila gari inayoingia kwangu, kitu cha mwanzo nachotazama ni hicho, kabla sijafungua boneti. Kapeti moja tu, iliyokaa sawa, isiyofika kwenye pedali. Na kama gari yako ni ya 2004 au 2005, yenye waya, hakuna kompyuta itakayokusaidia siku pedali ikibanwa.

Mwalimu, kabla hujaniamini jaribu hivi. Tafuta pahala tambarare pasipo na watu. Mtu asimame pembeni, mbali, atazame taa za nyuma. Kwanza gari imesimama: kanyaga breki ziwake, achia zizimike, mara kadhaa. Zikiwa hazizimiki au zinachelewa, nambie, hiyo ni kesi nyengine. Kisha nenda kilomita 20 hivi, mafuta yakiwa yamekanyagwa kidogo, bana breki kwa nguvu. Ikikata na taa zikawaka sawasawa, gari yako ni nzima.

Dereva_Mwanakwerekwe

Fundi, yangu ni zaidi ya hiyo. Naendesha teksi hapa Unguja. Nikisimama Michenzani kwenye foleni, breki nimeikanyaga sawasawa, injini inazima kabisa. Nikiinua mguu inawaka yenyewe. Abiria wanashuka wakidhani gari imekufa. Ni kitu kimoja na cha mwalimu?

FundiUmeme_Chake

Hapana, lakini swichi ni ile ile. Gari yako ina mfumo wa kuzima injini ikisimama ili kuokoa petroli. Tafuta kitufe chenye herufi A ndani ya mshale wa duara, kibonyeze, utaona taa yake ya njano kwenye dashibodi na injini haitazima tena mpaka uwashe gari upya. Jambo moja tu: gari hizo zimetengenezewa betri ya kuhimili kuwasha mara nyingi. Ukitia betri ya kawaida na mfumo ukauacha unafanya kazi, betri hiyo haitodumu.

Mzee_wa_Gia

Mimi sikubali. Dereva ni mimi, si kompyuta. Madereva wa rali wanatumia mguu wa kushoto kwenye breki dunia nzima, ndio ufundi wenyewe. Leo nikiwa napita gari nyengine, swichi hiyo ya shilingi kidogo ikaharibika, kompyuta ikadhani nimeshika breki, nitabaki katikati ya barabara gari imekufa nguvu? Huo usalama gani?

FundiUmeme_Chake

Mzee wangu, suali lako la swichi ni la maana, na nalijibu kwa urefu.

Swichi ya breki ndani yake kwa kawaida ina njia mbili. Moja inafunga umeme ukikanyaga, nyengine inafungua ukikanyaga. Kompyuta inazisoma zote mbili na lazima zipingane. Zikisema kitu kimoja, inajua swichi ni mbovu. Ukipima kwa mashine unaweza kukuta msimbo P0504, maana yake ni kwamba khabari za njia mbili hizo hazioani inavyotakiwa, yaani hazipingani, au P0571, mzunguko wa swichi yenyewe una kasoro. Kwa hivyo waliounda walilifikiria hilo unalolihofia.

Lakini swichi inaharibika kweli, na huku kwetu inaharibika mapema. Hewa ya chumvi inakula meno ya umeme. Vile vile kipande cha plastiki kinachoisukuma swichi kinapukutika kwa uzee, pedali inarudi juu lakini swichi inabaki kama vile breki imekanyagwa. Dalili zake hazijifichi. Taa za nyuma zinawaka usiku kucha na betri inakufa. Au kinyume chake, hazikuwaka kabisa na gari ya otomatiki haitoki kwenye P, kwa sababu kifungo cha gia kinasubiri khabari ya breki. Ukiona gia imekataa kutoka P asubuhi, kabla hujaita mtu wa gia, tazama fyuzi ya taa za breki. Mara nyingi ni hiyo. Na usiitie balbu ya taa za breki isiyo ya aina yake, inaunguza fyuzi, au inarudisha umeme njia isiyo yake na kuichanganya kompyuta.

Swichi hiyo inafanya na kazi ndogo nyengine ambayo dereva anaihisi bila kujua. Katika otomatiki nyingi, ukienda mwendo wa barabara kuu, ndani ya gia kuna klachi inayofungana ili petroli isipotee. Ukigusa breki, klachi hiyo inaachia. Unaona resi zinacheza kidogo, gari inakuwa nyepesi. Si ubovu.

Sasa la mguu wa kushoto. Rali ni gari iliyotengwa kwa kazi hiyo, imewekewa kompyuta yake na breki zake, na barabara imefungwa. Gari ya familia kwenye njia ya Mtambile ina busta moja ya breki, na busta hiyo inategemea injini. Hapa ndipo penye hatari ambayo watu hawaijui, na mimi nataka ijulikane kuliko hilo la kompyuta.

Breki ya gari ya petroli inakuwa laini kwa sababu injini inafyonza hewa kutoka kwenye lile dungu jeusi lililo nyuma ya silinda ya breki, ndiyo busta yenyewe. Injini inafyonza vizuri pale throto imefungwa au imefungwa karibu yote. Ukiifungua throto mpaka mwisho, ufyonzaji huo unakaribia kwisha. Dungu lina akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, kwa sababu kuna valvu inayozuia hewa isirudi. Ukishaimaliza akiba kwa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, pedali inakuwa ngumu mithili ya jiwe, na miguu ya mtu wa kawaida haitoshi. Kwa hivyo yule anayebana breki huku ameshikilia mafuta anazimaliza breki zake kwa njia mbili, anazichoma na anazinyima busta. Kompyuta ikifunga throto, hewa inafyonzwa tena, pedali inarudi kuwa laini. Huo ndio usalama uliouuliza.

Mtu aliye na gari ya waya asikate tamaa pia. Breki nzima zina nguvu kuliko injini. Chukua gari ya kilo 1,000 iliyo kwenye kilomita 80 kwa saa. Breki nzuri kwenye lami kavu zinaisimamisha ndani ya mita 31 hivi, kwa sekunde zisizofika 3. Pale mwanzo wa kukanyaga, breki hizo zinameza kiasi cha kilowati 178. Injini ya lita 1.5 kwa ukamilifu wake inatoa kilowati 80 hivi. Breki inashinda, kwa sharti moja: uikanyage mara moja, kwa nguvu zako zote, na usiiachie. Usiipige-pige.

Mafuta yakinata, fanya hivi. Breki kwa nguvu, ibaki chini. Mkono kwenye gia, tia N, yaani gia huru. Injini itapiga kelele, iache ipige, haitokudhuru. Toka pembeni, simama, kisha zima. Usizime na kuchomoa ufunguo gari ikiwa inakwenda, usukani utajifunga. Kwa gari ya kitufe, kitufe hakizimi kwa kubonyeza mara moja ukiwa njiani. Kishikilie kwa sekunde 3 hivi. Mfundisheni kila anayeendesha gari nyumbani kwenu kutia N, wafanye kwa vitendo gari ikiwa pahala tambarare, mkono uzoee. Nimekutana na watu wenye leseni ya miaka mingi ambao hawajawahi kuigusa N gari ikiwa inakwenda.

Mzee_wa_Gia

Hili la busta sikulijua kwa namna hiyo. Nimekuelewa. Lakini mwalimu bado ana mifereji yake, na huwezi kumwambia asipite kwake.

FundiUmeme_Chake

Sikumwambia hivyo. Mwalimu, kabla ya kuanza kilima cha udongo toa gia kwenye D, tia L, au 2, au B, au S, kwa vile ilivyoandikwa kwenye gari yako. Gia ndogo inakupa mvuto na pia inaizuia gari yenyewe ukiinua mguu, kwa hivyo ile kazi uliyokuwa ukiipa breki inafanywa na injini. Fika mferejini mguu wa mafuta umeuinua, gusa breki kwa mguu huo huo wa kulia kama inahitajika, tairi za mbele zikishuka tia mafuta taratibu. Utaona gari inavuka bila kurukaruka. Ikibidi kusimama kabisa kabla ya mfereji, simama, na ukiondoka unaweza kushika breki kisha mafuta, maana hapo haikati, umeshapima mwenyewe.

Na wakati wa masika, kama gari yako ina taa ya gari inayoteleza, kuna jambo jengine la kufanana na hili. Tairi moja ikizunguka bure kwenye tope, kompyuta yenyewe inaibana breki ya tairi hiyo na kuipunguza injini nguvu. Kwenye lami ni rehema. Kwenye tope la kilima unaweza kubaki palepale injini inakohoa. Kuna kitufe cha kuizima. Izime, toka kwenye tope, irudishe.

Mwalimu_Mkoani

Nimerudi. Ijumaa baada ya sala tulikwenda kiwanja cha mpira, mume wangu akasimama pembeni kutazama taa. Zinawaka na kuzimika sawa. Nikaenda mwendo mdogo, mguu kwenye mafuta, nikabana breki: ikakata pale pale. Nikaanza na breki, nikatia mafuta: haikukata. Nimekuelewa fundi, Mungu akulipe. Pampu sinunui.

Ya L nimeijaribu kwenye njia yetu. Mguu wa kushoto unataka kwenda wenyewe, nimeuweka nyuma kabisa chini ya kiti ndiyo ukatulia. Gari inapita mifereji vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kapeti nimetazama. Zilikuwa mbili, na ya juu ilikuwa imepanda. Nimeitoa.

Nina suali la mwisho. Mume wangu ana kigari cha mizigo cha zamani, cha petroli, gia za mkono, cha waya. Hicho ukikanyaga breki ukiwa umesimama, injini inatetemeka na kushuka, siku nyengine inazima, na kuna sauti ya "sss" pale miguuni. Amenambia, "Unaona, na yangu ina kompyuta." Ni kitu kimoja?

FundiUmeme_Chake

Mwambie mume wako asikiendeshe mpaka kitazamwe. Hicho si kompyuta, hicho ni ubovu, na ni wa breki.

Sauti ya "sss" miguuni na injini kushuka unapokanyaga maana yake mpira wa ndani ya busta umepasuka, au valvu yake haifungi. Ukikanyaga, hewa inapita busta na kuingia kwenye injini bila kupimwa, ndiyo injini inatetemeka. Leo inazima injini tu. Siku mpira ukipasuka wote, breki itakuwa ngumu kwenye mteremko wa bandarini na mzigo uko nyuma.

Apime hivi, hakuhitaji kifaa. Injini imezimwa, akanyage breki mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu. Aishikilie chini kwa nguvu ya kawaida, halafu awashe injini. Busta ikiwa nzima, pedali itazama kidogo chini ya mguu mara injini inapowaka. Isipozama, basi kuna ubovu. Kabla ya kununua busta atazame na ule mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye dungu, na kifundo chake. Ukipasuka mpira huo dalili zinakaribiana, na wenyewe ni rahisi kuliko busta. Akinunua, anunue mpira wa kazi hiyo khasa, mgumu. Wa maji ukifyonzwa unajibana na busta inakosa ufyonzaji.

Na busta ya kutolewa kwenye gari nyengine ipimwe kwa njia hiyo hiyo kabla ya kulipa, pale pale kwa muuzaji, ikiwa bado imefungwa kwenye gari yake.